Wano Linalorudi

Fundi wa mishale haanzi na sumu. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja wa Kiwaata, bara ya Malindi, upande wa Chakama. Alinipa kijiti kilichopinda, akasema, "Nyoosha hiki kwanza, mwanangu." Nikashinda nacho asubuhi nzima: nakipasha moto, nakikunja taratibu, nafumba jicho moja nikitazame kutoka shina hadi ncha. Kila nilipoona kimenyooka, mzee alikipitisha vidoleni mwake mara moja tu, akanirudishia.

Mshale wa Waata si kitu kimoja. Kuna wano refu, lenye manyoya ya tumbusi mkiani. Mbele yake huchomekwa kijiti kifupi chenye chembe ya chuma, na hicho ndicho kibebacho sumu, kikiviringishwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenye podo. Tembo alipopigwa, kijiti kilibaki mwilini, wano likaanguka kichakani. Mwindaji aliliokota, akalitia kijiti kingine. Katika nchi nyingine, wenye bunduki hukusanya maganda ya risasi wakayajaza upya nyumbani. Hesabu ni ileile: kinachofaa kurudi kirudi. Ndiyo maana wano hutengenezwa kwa subira kuliko chembe. Chembe yaweza kuwa msumari uliofuliwa. Wano baya huharibu kila kitakachotiwa mbele yake.

Uta wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, na mvutaji mara nyingi alikuwa mtu mwembamba, mwenye mgongo uliozoeshwa tangu utotoni.

Sumu yenyewe, Wamijikenda huiita utsungu. Hutoka katika mti ambao mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliutoa kiini chake, nacho kikaja kutumiwa hospitalini kama dawa ya moyo. Zaidi ya hapo mzee hakunieleza, nami sikuuliza. Maarifa hayo yana wenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni alama. Kila mwindaji alichora yake kwenye mshale, ikajulikana pembe ni ya nani hata mnyama akifia mbali. Mtu hakuweza kuukana mshale wake. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, ardhi waliyowinda babu za mzee ikawa marufuku; kampeni ya miaka ya 1950 dhidi ya ujangili ikawapeleka wengi gerezani, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Tembo walihitaji kulindwa, nami nalikubali hilo kwa moyo wote. Lakini ufundi huu haukustahili kubaki katika majalada ya kesi peke yake.

Jioni mzee alitwaa kijiti changu, akakilinganisha na wano moja jeusi kwa moshi lililotundikwa darini. Karibu na mkia lilikuwa na mikato mitatu midogo. "Ya baba," akasema, akakiweka changu kando yake.