Kanga ya Hasira na Namna ya Kuipima

Wanunuzi wengi huanza na rangi. Kwa kanga ya harusi, au ya kumpelekea mama mzazi, hilo halina ubaya. Lakini kanga ya kumjibu mtu, ile ambayo mwanamke huinunua akiwa na jambo limemkaa kooni, hupimwa kuanzia jina lake: yale maneno machache yaliyochapwa chini ya mji, yaani uwanja wa katikati, karibu na pindo. Jina likiwa bovu, rangi haitaliokoa.

Jina zuri la hasira halitukani. Hilo nalishikilia kuliko mengine yote, na najua watakaonipinga ni wale wanaopenda kanga za kusema waziwazi. Chukua "Hasidi hana sababu". Maneno matatu tu. Hakuna mtu aliyetajwa wala kosa lililotajwa. Mke mkubwa akipita uani amejifunga hiyo, mke mdogo afanye nini? Akinyamaza, imempata. Akiuliza kama anasemwa yeye, amekwisha kujitaja mwenyewe, na mvaaji atamjibu kwa upole kwamba hii ni nguo tu, kaikuta dukani. Kanga inayotaja kilema cha mtu, au tendo lake la jana, humpa adui pa kushika: ataibeba kwa wazee kama ushahidi, na pengine kesi ataishinda. Fumbo lililokamilika humwachia mvaaji peke yake mlango wa kutokea.

Kisha lisome kwa sauti. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" huanza kama sifa, sikio linatulia, halafu silabi karibu zilezile zinapangwa upya na thamani yote inaporomoka. Mwenye kulitunga alijua kazi. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ni refu zaidi, ila limesimama kwenye miguu miwili inayolingana, na mtoto akilisikia mara moja atalikariri. Huo nao ni ubora, maana jina linalokaririka litatembea mtaani hata siku nguo imebaki sandukuni. Majina marefu yenye kueleza na kufafanua, yanayofanana na barua ya malalamiko, mimi huyaruka. Aliyekasirika kweli hana haja ya maelezo.

Ukali huu wa kuchagua una historia. Unguja, kabla ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake watumwa walivaa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, au kaniki, ambayo ni nguo hiyo iliyozamishwa kwenye nili. Mtu alijulikana hali yake kabla hajafungua mdomo. Walipotoka utumwani wengi wao waliziacha nguo hizo wakahamia kwenye kanga, yenye rangi na maua, waliyoinunua kwa fedha yao. Baadaye yakaja maandishi, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Watu ambao neno lao halikuwa na uzito barazani sasa walikuwa nalo mgongoni.

Wenye maduka na viwanda walikuwa watu wengine: wafanyabiashara, wengi wao wanaume wenye asili ya India, na nguo zikichapwa India, Ulaya na Japani. Mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, hakuchora mji wala hakuendesha mtambo. Usanii wake ulikuwa katika kuchagua ipi, aivae lini, apite nayo mbele ya nani. Ndiyo maana siwezi kutenganisha ujuzi wa kununua na sanaa yenyewe.

Sasa nguo. Itafute ya pamba tupu. Inyanyue dhidi ya mwanga uone kama nyuzi zimebanana, halafu sugua kona moja baina ya viganja. Ukiona unga mweupe, uzito ulioufurahia ulikuwa wa kanji, na ikifuliwa mara moja itabaki chandarua. Geuza upande wa nyuma: rangi iwe imepenya, isiwe imelala juu tu. Muuzaji akikuruhusu, lowesha kona na uibane kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu na nyeusi ndizo hutia aibu zaidi kwa kuchuja, na zikichuja huvamia herufi. Dharau iliyopauka humcheka aliyeivaa. Vivyo hivyo tahajia: herufi moja ikikosekana, mtaa mzima utazungumzia kosa la herufi na kusahau kosa la hasidi.

Tazama pia pindo zinavyokutana pembeni, na kama jina limekaa katikati au limesukumwa upande mmoja. Mombasa, wanakoiita kanga leso, maandishi ya "Mali ya Abdulla" ya duka la Kaderdina Hajee Essak huchapwa kwenye nguo yenyewe, na wajuzi huyaangalia. Mimi pia huyaangalia, lakini alama ya duka haiwezi kusimamia jina legelege.

Kuhusu mji, nina upendeleo wangu. Wengine hutaka kanga ya ugomvi iwe na mji mkali pia, michirizi na rangi za kugombana. Mimi napenda korosho zilizopangwa kwa utulivu, au mauamaua ya waridi, halafu chini yake neno lenye makali. Jicho linakaribishwa kwanza. Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Turner Prize Uingereza mwaka 2017, ameitumia kanga katika kazi zake kwa namna hiyo: pambo linakuvuta karibu, na ukishakaribia unakuta maneno yanakungoja.

Kanga za kampeni na za sherehe za taifa ziweke kando. Huwa zimechapwa vizuri, pengine hutolewa bure, lakini ni sauti ya ofisi iliyoazima mgongo wa mwanamke.

Mwisho, usilipe kabla hujaijaribu mwilini. Doti ina vipande viwili vyenye jina lilelile. Kimoja kijifunge kiunoni, cha pili kitupie mabegani, halafu tembea hadi mlangoni huku rafiki yako amesimama nyuma. Jina la kiunoni liangukie mahali lionekane lote, lisimezwe na mkunjo wala kuburutwa chini kwenye visigino. Maana kanga hii husomwa wakati mwenyewe anaondoka, mazungumzo yamekwisha na nafasi ya kujibu imepita. Rafiki asipoweza kulisoma kwa hatua kumi, irudishe kwenye rafu, hata kama rangi imekuvutia.