Mlango wa Kutokea

Kampuni ya maduka makuu ya Naivas ilipotangaza Aprili 2023 kwamba wahalifu wa mtandaoni wameingilia data zake, swali nililolisikia zaidi hapa Kinondo lilikuwa hili: mtu akishateka mafaili ya kampuni na kulipwa fidia, pesa hiyo huipitishia wapi?

Tufuate malipo ambayo hesabu yake inajulikana. Mei 2021 kampuni ya Marekani ya kusafirisha mafuta kwa bomba, Colonial Pipeline, ililipa genge la DarkSide bitkoini 75. Miamala ya bitkoini, sarafu ya kidijitali, huandikwa katika daftari la wazi. Chukulia kitabu cha wakala wa M-Pesa kimetundikwa ukutani: kila muamala unaonekana, ila penye jina na nambari ya kitambulisho pana msururu wa herufi na tarakimu. Wapelelezi waliusoma ukuta huo hatua kwa hatua. Mgao ulikuwa wazi: asilimia 85 hivi kwa aliyevamia, iliyobaki kwa waliotengeneza programu ya kuteka mafaili. FBI ikapata ufunguo wa siri wa pochi moja, na Juni ikatwaa bitkoini 63.7.

Kwa hofu ya kufuatiliwa hivyo, wahalifu wengi hukimbilia kichanganyio. Wavuvi wakimwaga dagaa katika tenga moja, kisha kila mmoja akachota kiasi chake, dagaa wa wizi hawatambulikani tena. ChipMixer, iliyofungwa Machi 2023, ilifanya hivyo kwa sarafu. Lakini mvuvi yeyote wa Gazi ataiona kasoro: wenzako wamemwaga kilo mbili mbili, wewe hamsini. Ukirudi kuchota hamsini, umejitaja mwenyewe. Fidia kubwa haifichiki katika tenga dogo.

Wengine hubadilisha sarafu. Agosti 2017, waliosambaza WannaCry, programu ya kuteka mafaili, walihamishia sehemu ya mapato yao katika Monero, sarafu nyingine ya kidijitali. Daftari la Monero huficha mtumaji na kiasi, na hapo kufuatilia ni kazi ngumu kwelikweli.

Hata hivyo, mwisho wa safari lazima pesa hiyo igeuke dola au shilingi. Hapo ndipo wengi hunaswa, na kwa maoni yangu ndipo ulinzi unapofaa kuwekwa. Mwanzilishi wa Bitzlato, soko la sarafu lililolegeza ukaguzi wa wateja, alikamatwa Miami Januari 2023. Kenya nayo, iliyotiwa katika orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa zaidi) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa pesa, Februari 2024, ilipata Oktoba 2025 sheria inayoyataka masoko haya yawe na leseni.

Lakini mlango wa kutokea unaweza pia kuwa wewe. Kijana wa Kinondo au Ukunda, ukiombwa laini au akaunti yako ipitishiwe pesa kwa ahadi ya kamisheni, kataa. Jina litakalosomwa polisi ni lako.