Mombasa au Dar: hesabu ya kontena hadi Goma

Muagizaji wa Goma akiwekewa mezani bei mbili za usafiri, ya Mombasa na ya Dar es Salaam, jicho hukimbilia iliyo ndogo. Ramani nayo inamsukuma. Mombasa hadi Goma kupitia Kampala na Kigali ni karibu kilomita 1,840. Dar hadi Goma kupitia Rusumo ni karibu 1,650. Lori la Mombasa linavuka mpaka wa Malaba, kisha Katuna, kisha Grande Barrière ya kuingia Goma. La Dar linavuka Rusumo na Grande Barrière, basi. Ukiishia hapo, Dar imeshinda. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo.

Tuanze na kodi. Kwa sheria ya Kongo, duane (forodha) haitozi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Inajumlisha bei ya mali, nauli na bima hadi mpakani, ndipo inapiga asilimia. Mali yenye ushuru wa asilimia 20 inaulipa huo, kisha TVA, yaani VAT, ya asilimia 16 juu ya jumla, ushuru ukiwa ndani. Kwa hiyo kila dola 1,000 ya nauli inazaa ushuru wa 200, halafu TVA ya 192 iliyopigwa kwenye 1,200. Elfu moja imekuwa 1,392, na mashirika ya serikali OCC na OGEFREM, pamoja na deklaran (wakala wa forodha), bado hawajapata chao. Nauli ya Dar ikiwa chini kwa dola 300, muagizaji anaokoa karibu 418. Hadi hapa Dar inazidi kupata nguvu.

Uzito unawabana wote sawasawa. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, lori na mzigo pamoja. Kontena la futi 20 lililojaa vigae linaweza kufika tani 27. Weka mawili, ni 54, na lori lenyewe limebakiwa na tani mbili. Mzani hautaruhusu. Mwenye magodoro hana shida hiyo: anachukua futi 40, nafasi inajaa kabla ya uzito.

Sasa siku, na hapa ndipo hesabu inapogeuka. Kontena kwa kawaida ni mali ya kampuni ya meli. Inakupa siku za bure, zikiisha inahesabu faini mpaka kontena tupu lirudi pwani. Na karibu kila mara linarudi tupu, kwa sababu kahawa na madini ya Kivu hayajazi makontena mengi kama tunayoyaleta. Nauli unayolipa ni ya kwenda na kurudi, hata kama karatasi inataja kwenda tu. Tuseme faini ni dola 30 kwa siku, na mwenye lori anadai 100 kwa kila siku ya kusimama. Siku nne za kukwama ni dola 520. Zile 418 zimekwishaliwa.

Nani hukwama zaidi? Mpaka wa Gatuna (ndio Katuna kwa upande wa Uganda) ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022; malori yakazungukia Kagitumba. Bunagana, mlango wetu mwingine wa Uganda, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika hadi huku kwetu. Dar nayo, Oktoba 2025, iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na kuzimiwa intaneti wakati wa uchaguzi. Hakuna bandari yenye kinga. Lakini mzigo wa Mombasa ukifika Uganda unaweza kubadili mlango, au hata kuuzwa Kampala. Wa Dar, Rusumo ikifungwa, umebakiwa na njia ndefu mno. Kwangu, vigae na vyuma vije kwa Dar. Mali ya msimu, nguo za sikukuu kwa mfano, ningeilipia Mombasa.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko chini ya muungano wa waasi wa AFC/M23, na mabenki yalifunga. Asilimia nilizotaja ni za sheria ya Kinshasa, ambayo sasa siyo inayotoza mpakani Goma. Anayepeleka mali mbele, Beni au Kisangani, lazima ajiulize mapema risiti ya Goma itasomwaje huko.

Wapo wanaokwepa faini kwa kununua kontena kuukuu Asia na kulileta kama lao, halirudi tena. Likifika linauzwa, linakuwa duka au ghala. Wazo si baya, ila kontena linalobaki limeagizwa kama bidhaa nyingine yoyote: lina namba yake kwenye kitabu cha ushuru, 8609, na linatangazwa peke yake, mbali na mzigo uliomo. Deklaran asipoliandika mwanzoni, kila alichookoa mwenye mali kwenye faini ya siku anaweza kukiacha duane.