Mji Usiolima

Msomaji, kitabu cha historia kikifunguliwa penye mlango wa kilimo na miji ya kale, aghalabu safari huanza mbali. Huanza kwenye mito ya Tigris na Frati, huvuka mpaka Nile, hupita Indus na mito mikubwa ya China, kisha mlango hufungwa. Mwanafunzi wa Mikindani, ambaye mikoko ya Hori ya Tudor i karibu na nyumba yao, hukikunja kitabu akiamini kwamba jambo hilo halikupata kupita kwao. (Nasema Mikindani ya bara ya Mombasa, jirani na Jomvu na Changamwe, wala si ile bandari ya Mtwara yenye jina hilohilo.) Insha hii yataka kuipima imani hiyo, na kuipima kwa haki, kwa maana habari za Tigris na Nile si uwongo. Kasoro ni kwamba zimefanywa kipimo cha habari nyingine zote.

Aliyezipa habari hizo umbo tunalolijua ni V. Gordon Childe, mchunguzi wa mambo ya kale mzaliwa wa Australia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1936, Man Makes Himself. Childe alisema kwamba kulikuwa na mapinduzi mawili. Kwanza watu walijifunza kupanda na kufuga. Kisha shamba likazaa ziada, na ziada ikawalisha watu wasiolima: makuhani, wafua shaba, makarani na wafalme. Hapo mji ukazaliwa. Hoja hii ina nguvu. Huko Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, vibao vya udongo vya zaidi ya miaka 3,000 kabla ya Kristo vina hesabu za shayiri na kondoo; maandishi yalianza kama daftari la ghala. Anayependa mashairi atasikitika, lakini ndivyo ilivyo.

Lakini hoja yenye nguvu si lazima iwe hoja kamili. Neno mapinduzi lenyewe ladanganya, kwa kuwa kazi ya kuifuga ngano na shayiri ilichukua maelfu ya miaka, na hapana aliyelala mwindaji akaamka mkulima. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1995 Klaus Schmidt na wenzake walifukua huko Göbekli Tepe, nchini Uturuki, nguzo kubwa za mawe zenye picha za wanyama, zilizosimamishwa yapata miaka 9,500 kabla ya Kristo na watu waliokuwa wakiwinda na kuokota nafaka za mwitu. Huko jengo lilitangulia konde. Nasi tunao mfano wetu: kando ya Ziwa Turkana, yapata miaka 5,000 iliyopita, wafugaji walizika mamia ya maiti zao mahali pa Lothagam wakasimamisha nguzo za mawe juu yao. Hawakuwa na jembe, hawakuwa na mji, na mfalme wao haonekani. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki ng'ombe alifika kabla ya mbegu, na ngazi ya Childe haina kidato cha watu hao.

Tazama pia maneno tunayoyatumia. Ustaarabu lina shina la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuwa kama Mwarabu. Utamaduni lina shina moja na madina, yaani mji. Uungwana ulikuwa sifa ya mtu huru, na mawazoni mwa watu wa pwani mtu huyo alikaa mjini. Maneno yote matatu yameupa uso mji, na shamba yamelipa kisogo. Basi si ajabu kwamba magofu ya Gedi, aliyoanza kuyafukua James Kirkman mwaka 1948, yana wageni kila siku, na hapana aulizaye waliokaa Gedi walikula nini.

Sasa tuje Mombasa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier katika nchi ya Moroko, alilala Mombasa usiku mmoja akiwa njiani kwenda Kilwa. Aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao, na misikiti yao ya mbao kwa uimara wake. Alitaja migomba, milimau na tunda mfano wa zambarau. Kisha akasema jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko kuta nyingi za mawe: watu wa kisiwa hicho hawalimi nafaka, bali huletewa kutoka nchi ya Sawahili, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Huo ni ushahidi wa mji usiolima, na mji usiolima lazima uwe na mtu anayeulimia.

Mtu huyo ni nani? Hapa ukurasa wa msafiri wahitaji kusomwa kwa jicho kali. Asema kisiwa hakina bara yake, na kwamba kutoka nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Msomaji wa Mikindani atacheka, na ana haki ya kucheka. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na bara kama yai katika kiganja. Pale Makupa, kabla ya kujengwa tuta, maji yalipotoka watu walivuka kwa miguu. Ndiko walikovukia Wazimba mwaka 1589 wakauingia mji. Mtu mwenye macho alikosaje kuiona nchi nzima? Naona jibu ni kwamba Ibn Battuta alifika kwa chombo, akalala usiku mmoja, akauliza maswali ya watu wa bandari. Nafaka iliyoshuka kutoka jahazini ilikuwa na nahodha wa kuitaja na mizigo ya kuhesabiwa. Kikapu kilichovuka Makupa kichwani, au kilichoteremka horini kwa mtumbwi, hakikuwa na msemaji. Simlaumu kwa kusahau. Nawalaumu wale waliomsoma baadaye wakadhani kwamba asichokiona hakikuwako.

Wala hatuhitaji kukisia tu. Mji wenyewe umehifadhi habari katika majina ya watu wake. Mataifa kumi na mawili ya Mombasa, yaani Thenashara Taifa, yamegawanyika katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Katika yale matatu wamo Wachangamwe, na katika yale tisa wamo Wajomvu. Mji uliojiita kwa majina ya bara hauwezi kusema kwamba hauna bara. Watu wake walikuwa na mashamba ng'ambo, na mataifa yao yalifungamana na Wamijikenda kwa mapatano na biashara. Mkate wa kisiwani ulitegemea amani ya ng'ambo.

Turudi nyuma zaidi. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alifukua Kwale, kusini-magharibi ya Mombasa, akakuta vigae vya vyungu na mavi ya chuma vya karne za kwanza baada ya Kristo. Mara vitabu vikaandika kwamba hao ndio wakulima wa kwanza wa pwani hii. Simama hapo, msomaji. Chungu si mbegu. Chungu hupika kunde, na hupika pia mizizi ya mwitu na samaki; nacho chuma huchonga mshale kama kifuavyo jembe. Waandishi hao walikisia vema, lakini kukisia vema si kuthibitisha. Uthibitisho ulihitaji kazi isiyo na fahari: udongo wa machimbo hutiwa majini, na punje zilizoungua zamani huelea, zikachukuliwa kwa chekecheke na kupimwa umri. Kwa kazi ya namna hiyo, katika pango la Kakapel magharibi mwa Kenya, zilipatikana kunde za yapata miaka 2,300, na habari zake zikatangazwa mwaka 2024. Kunde moja iliyoungua hushinda vigae mia.

Na kabla ya kunde? Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, alizikwa mtoto wa miaka mitatu hivi, yapata miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitolewa mwaka 2021, naye akaitwa Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na wachunguzi waliona dalili kwamba kichwa chake kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Waliomlaza hivyo hawakuwa na konde wala ghala. Anayesema kwamba utu ulianza na ziada ya shayiri na alitazame kaburi hilo kwanza.

Kisiwani Pemba kuna jambo jingine ambalo Childe angelishangaa. Katika mji wa Tumbe, wa karne ya 7 hadi ya 10, punje zilizo nyingi ni za uwele, nafaka ya Afrika. Chwaka, mji uliofuata hapo karibu mpaka karne ya 15, mpunga umeshika mahali pake. Mpunga ulitoka Asia, nao hudai maji na mikono mingi. Kwa nini wayaache mazao yaliyozoea nchi yao? Wachunguzi waliofukua huko wameona kwamba wali ulikuwa chakula cha karamu na cha heshima. Kwa maneno mengine, shamba halikuuzaa mji tu; mji nao ulirudi ukalibadili shamba, kwa ajili ya sinia la wageni.

Mahindi nayo yatufunza kutoliamini jina. Jina layapeleka Bara Hindi, ilhali yalianza kulimwa Mexico, na pwani hii yalifika baada ya Wareno kuingia mwaka 1498. Muhogo nao umetoka Amerika ya Kusini.

Yabaki swali ambalo wanafunzi huliuliza kwa haya kidogo: kwa nini hapakuwa na Farao kwenye Hori ya Tudor? Huulizwa kana kwamba ni upungufu. James Scott, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 2017 kwamba dola za kale zilisimama juu ya nafaka kwa sababu nafaka huiva pamoja, huonekana kwa macho, huhesabika na kutozwa kodi. Penye mto mmoja, mwenye kuushika mfereji ameshika shingo za watu. Lakini wakulima wa bara ya Mombasa walilima kwa masika na vuli, na mvua haina lango la kufungwa na askari. Palipokuwa na ukali wa mtawala, njia ya msituni ilikuwa wazi, na watu walihama na mbegu zao. Na muhogo ulipofika, ulikaa ardhini mwaka na zaidi, majani yake yakipepea kama ya kichaka chochote, karani akipita na daftari lake asijue cha kuandika.