Fundi wa Kurudisha

Figo bichi la mbuzi kutoka buchani hukaa kiganjani bila kukijaza. Liondoe kwanza mafuta meupe yanayolizunguka, kisha shika ncha ya ngozi nyembamba inayolifunika uivute polepole. Ngozi hiyo huvuka nzima, na chini yake figo hubaki laini, jekundu la kuelekea hudhurungi. Lipasue kwa urefu kwa kisu kikali, nawe utaona kanda mbili. Ule wa nje umekoza rangi na una chembechembe ndogondogo. Wa ndani umepauka, na ukiuelekeza kwenye mwanga utaona michirizi inayoshuka hadi katikati, mahali mkojo unapokusanyika. Jicho haliwezi kwenda ndani zaidi ya hapo, lakini limekwisha kuona ramani yote: ukanda wa nje ndiko damu inakochujwa, ukanda wa ndani ndiko maji yanakopimwa. Figo la binadamu limepangwa vivyo hivyo, ila ni kubwa zaidi, lina uzito wa gramu 150 hivi, na michirizi yake imegawanyika katika mafungu kadhaa.

Anayefanya kazi humo anaitwa nefroni. Kila figo lina nefroni zipatazo milioni moja, ingawa watu hutofautiana sana katika hesabu hiyo. Nefroni moja ni kifundo cha mishipa midogo ya damu, kikombe kinachokifunika kifundo hicho, na mrija mmoja mwembamba wenye urefu wa sentimita chache, unaojipinda, ukashuka, ukapanda tena, kisha ukaungana na wenzake. Zana zake zote ni hizo.

Damu hufika kwa wingi wa ajabu. Mtu akiwa amepumzika, moyo wake husukuma lita 5 hivi kwa dakika, na zaidi ya lita moja katika hizo huelekea kwenye mafigo, viungo ambavyo uzito wao haufiki hata asilimia 1 ya mwili. Mishipa hugawanyika na kupungua hadi ule mdogo kabisa unaoingia kwenye kifundo, ambacho wataalamu hukiita glomeruli na ambacho upana wake ni kama milimita 0.2 tu. Mahali pengine mwilini damu ikishapita kwenye mishipa midogo kabisa huingia kwenye vena na kurudi moyoni. Hapa hutoka kwa ateri nyingine ndogo, na ateri hiyo ya kutokea ni nyembamba kuliko ile ya kuingilia. Damu inabanwa, na shinikizo ndani ya kifundo hubaki juu. Ateri zote mbili zina misuli. Shinikizo la damu likipanda, ya kuingilia hujikaza, likishuka, hulegea. Kwa hiyo mtu akipanda ngazi mbio au akilala usingizi mzito, kasi ya kuchuja ndani ya kifundo hubadilika kidogo mno.

Sasa damu iko ukutani, na ukuta huo unastahili kutazamwa tabaka baada ya tabaka. La kwanza ni seli za mshipa wenyewe, zilizotobolewa matundu mengi. Chembe nyekundu haziwezi kupenya, maji hupita. La pili ni utando wa nyuzi za protini, wenye chaji hasi ya umeme. La tatu ni seli zinazoitwa podositi, ambazo huukumbatia mshipa kwa nje kwa vidole vingi vyembamba, vidole vya seli moja vikiingiliana na vya jirani yake, na katika nafasi finyu kati ya kidole na kidole kumetandazwa kiwambo chembamba mno. Maji, chumvi, sukari, na taka kama urea na kreatinini hupita matabaka yote matatu. Albumini, protini kuu ya damu, huzuiwa kwa ukubwa wake, na inaaminika pia kwamba chaji yake, ambayo nayo ni hasi, huifanya isukumwe nyuma na utando. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito huchovya kijiti kwenye mkojo wa mama kutafuta protini: ikionekana, mhudumu anajua kuna jambo la kufuatilia, na chujio ni miongoni mwa mambo atakayoyauliza kwanza.

Kwamba hapa panachujwa kweli, wataalamu walibishana kwa miaka 80 hivi. William Bowman alikuwa ameonyesha mwaka 1842 kwamba kikombe na mrija ni kitu kimoja, na Carl Ludwig wa Ujerumani akasema muda mfupi baadaye kwamba maji husukumwa humo kwa shinikizo la damu. Wengine walishikilia kuwa seli ndizo zinazoutengeneza mkojo. Kilichokosekana ni tone la ushahidi, na tone lenyewe lilipatikana kwa mikono iliyotulia. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walilaza chura hai chini ya hadubini, wakaleta mrija uliochongwa ncha nyembamba mno, wakautoboa ukuta wa kikombe kimoja bila kukigusa kifundo cha damu kilichomo, wakafyonza kidogokidogo. Kilichopatikana kilikuwa kidogo kiasi kwamba ilibidi watafute namna mpya za kukipima. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1924. Maji ya kikombeni hayakuwa na protini, na yalikuwa na sukari, wakati mkojo kwenye kibofu cha chura yuleyule haukuwa na sukari. Basi sukari ilichukuliwa njiani. Nawaheshimu sana watu hao wawili, kwa sababu ubishi wa miaka hiyo yote waliumaliza kwa kuvumilia kazi ya mikono.

Na kilichochukuliwa njiani ndicho kiini cha ufundi wote. Katika mtu mzima mwenye afya, vifundo vyote kwa pamoja hutoa maji ya mililita 125 hivi kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Sehemu ya majimaji ya damu ni lita 3 tu, kwa hiyo yote humwagwa nje na kurudishwa mara 60 kila siku. Mtu anayechagua mchele kwenye ungo hutoa mawe akauacha mchele; nefroni huokota mchele punje kwa punje na kuyaacha mawe. Mwanzoni njia hiyo huonekana ya hasara. Lakini anayetafuta mawe sharti ayajue mawe yote, hata yale ambayo hajawahi kuyaona, na nefroni haihitaji elimu hiyo. Inavijua vichache vya kuweka. Kisichodaiwa na yeyote kinaendelea na safari, hata kama ni sumu iliyoingia mwilini jana kwa mara ya kwanza.

Uokotaji huanza mara tu maji yanapoingia kwenye mrija. Seli za sehemu hii ya kwanza zina nywele fupi zilizosongamana upande wa ndani, na hivyo eneo la kupokelea huongezeka mara nyingi. Upande wa pili, unaoelekea damu, zina pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli bila kupumzika. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, nyingine huvutwa kutoka kwenye mrija, na ikiingia huja na sukari, au asidi za amino, kupitia mlango mmoja. Maji hufuata chumvi. Mwisho wa sehemu hii theluthi mbili hivi ya maji na chumvi imekwisha kurudi kwenye damu, na sukari yote, gramu 160 hivi kwa siku, imeokotwa. Lakini milango ya sukari ina idadi yake. Kwa mgonjwa wa kisukari hujaa yote, sukari inayobaki husafiri na maji, na ndipo mtu anapokojoa sana na kuona kiu isiyokatika.

Seli hizohizo hutupa pia. Huchukua vitu kutoka kwenye damu na kuvitia kwenye mrija moja kwa moja, na penisilini ni mojawapo. Dawa hiyo ilipokuwa adimu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madaktari waliikusanya upya kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa.

Kisha mrija hushuka kwenye ukanda uliopauka, hupinda, na kupanda tena. Jakob Henle aliueleza mpindo huu mwaka 1862, na ndio ninaoupenda kuliko sehemu nyingine zote. Upande unaoshuka hupitisha maji kwa urahisi. Upande unaopanda haupitishi maji kabisa, ila huisukuma chumvi nje. Chumvi hiyo hubaki katika nyama inayozunguka mirija, huyavuta maji ya upande unaoshuka, na yanayofika mpindoni huwa mazito zaidi kuliko yaliyotangulia. Kila mzunguko huongeza kidogo tu, lakini kidogo hicho hurundikana hadi kina cha figo la binadamu kinafikia uzito wa chumvi na urea mara nne ya damu.

Uzito huo hutumika mwishoni. Mirija ya kukusanyia huteremka ikipita katikati ya eneo hilo la chumvi, na kuta zake hufunguka au kufungwa kwa amri ya homoni ya vasopresini kutoka kwenye ubongo. Mfungaji wa Ramadhani anapokaribia magharibi, homoni iko juu, njia za maji zimefunguliwa ukutani, maji yanarudi kwenye damu, na mkojo ni kidogo na mzito. Akishafuturu na kunywa vya kutosha, homoni hushuka, njia hufungwa, na maji ya ziada hutoka. Hapohapo potasiamu hupimwa. Mwenye mafigo mazima akinywa madafu mawili, seli chache za mwisho wa mrija huitoa potasiamu iliyozidi kabla haijausumbua moyo. Kati ya zile lita 180, zinazofika kibofuni kwa kawaida ni moja au mbili.

Nefroni zote tulizo nazo hutengenezwa kabla ya kuzaliwa, na iliyokufa haizaliwi upya. Zinazobaki hukua na kubeba mzigo wa zilizokufa, kwa miaka mingi, bila mwenyewe kusikia chochote. Zikipungua mno, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida saa 4, mara 3 kwa wiki. Mashine haina mrija wa kuokotea. Kwa hiyo maji yanayopitishwa upande wa pili wa utando wake hutiwa chumvi kwa vipimo vinavyokaribia vya damu, ili vinavyotakiwa visipotee pamoja na urea. Kabla ya kuanza, muuguzi humpandisha mgonjwa kwenye mizani, hulinganisha kilo za leo na uzito wake mkavu ulioandikwa kwenye jalada, hupata tofauti, na kiasi hicho cha maji ndicho anachoiagiza mashine kukitoa.