Waya, Mti na Unyayo

Mtu akitembea juu ya waya, umati humkodolea macho yeye. Fundi wa kazi hiyo hutazama kwanza pale waya ulipofungwa, halafu kamba za pembeni zinazouzuia usicheze, halafu nyayo. Mtembeaji mwenyewe huja mwisho. Nimejizoeza kutazama hivyo, nami ni mtu wa kushika ukuta nikifika roshani ya ghorofa ya sita. Tangu hapo mchezo huu haunitishi kama zamani, lakini unanishangaza zaidi.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1974, Mfaransa Philippe Petit, aliyebakiza siku sita kutimiza miaka 25, aliondoka kwenye ukingo wa mnara wa kusini wa World Trade Center, New York, akakanyaga waya uliovutwa hadi mnara wa pili. Chini yake palikuwa na mita 400 hivi za hewa tupu. Alikaa huko kama dakika 45, akavuka mara nane, akapiga goti, akalala chali, huku polisi wakimsubiri pande zote mbili. Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Mimi huvutwa na usiku uliotangulia.

Petit na wenzake walikuwa wamejipenyeza na mizigo yao wakagawana paa mbili, wakajificha mpaka walinzi walipoondoka. Jean-Louis Blondeau, rafiki yake, akafyatua mshale kutoka mnara mmoja kwenda wa pili, nyuma yake umefungwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Giza lilikuwa zito, na uzi wa namna ile hauonekani. Petit akavua nguo zote, akaanza kutembea huku na huku juu ya paa mpaka uzi ulipomgusa ngozini. Uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta nene, na nene ikavuta waya wenyewe, wenye uzito wa kilo 200 hivi. Hapo mambo nusura yaharibike: waya ulitolewa upesi kuliko ulivyoweza kuzuiwa, ukaporomoka ukaning'inia katikati ya minara, na vijana wakakesha wakiuvuta kwa mikono, kipande baada ya kipande. Kulipopambazuka, aliyepanda juu yake alikuwa mtu ambaye hakulala usiku kucha, mwenye mikono iliyochoka.

Kwa nini kuhangaika hivyo na ufungaji? Kwa sababu waya haulali kama sakafu. Umetengenezwa kwa nyuzi za chuma zilizosokotwa, na ukikazwa sana msokoto hutaka kujifungua, basi waya huweza kugeuka chini ya mguu uliokwisha kukanyaga. Kila hatua hutuma wimbi linalokwenda hadi mwisho na kurudi. Majengo marefu nayo huyumba kwa upepo, yakisogeleana waya unalegea, yakiachana unakaza. Ukiwa mpya huja na mafuta ya kiwandani, nayo hayana budi kufutwa, la sivyo utateleza. Dawa ya mtikisiko ni kamba za pembeni, zinazofungwa kwenye waya na kuvutwa kulia na kushoto zikaze sawasawa. Elimu hiyo hurithishwa mkono kwa mkono. Petit alichota sehemu yake kwa mzee Rudolf Omankowsky, wa ukoo wa wanasarakasi kutoka Chekoslovakia, ambaye wote walimwita Papa Rudy. Kisha akaipeleka uwanjani Ufaransa: waya ukafungwa karibu na ardhi, naye akatembea huku rafiki zake wakiutikisa na kuurukia kwa nguvu zote ili azoee upepo wa juu.

Ule mti mrefu anaoushika mtembeaji mkononi, wengi hudhani ni pambo. Wa Petit ulikuwa na urefu wa mita 8 hivi na kilo kama 25. Kitu kirefu na kizito ni kigumu kukizungusha ghafla, kwa hiyo mwili ukianza kuinama upande mmoja, mti huchelewesha anguko. Kwa muda huo mfupi mtembeaji anausukuma mti upande anaoinamia, na mwili unajibu kwa kurudi upande wa pili. Ncha zake zikipinda kuelekea chini, uzito nao unashuka, hilo nalo ni faida. Anachobeba mikononi, kwa hakika, ni muda.

Mguuni hakuna kiatu kigumu, ni ngozi laini ya kumwezesha kuusikia waya. Waya hupita baina ya kidole gumba na kinachofuata, ukakata unyayo katikati hadi kisiginoni. Mguu huteleza mbele kwa kupapasa, na uzito hauhamishwi mpaka unyayo uwe umeridhika. Ukiitazama picha yoyote nzuri ya kazi hii, tazama mguu wa nyuma. Ndio unaombeba mtu.

Sasa woga wetu sisi wengine. Mwili wa mtu aliyesimama huyumba kidogo muda wote, na macho husaidia kuurekebisha kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu. Ukiwa juu, kila kitu kiko mbali. Unayumba, lakini macho hayaoni kilichosogea. Hapo kizunguzungu kinaanza, na ubongo unahimiza kukaa chini. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mtembeaji hutatua shida hiyohiyo kwa kukaza macho kwenye mwisho wa waya, pale ulipofungwa. Na kama ni ujasiri wa vimo, Pwani kila siku mkwezi hupanda mnazi na panga lake, na hakuna anayepiga makofi. Tunamwuliza tu madafu bei gani.

Tuseme ukweli, sehemu ya umati huja kwa matumaini mabaya. Mwaka 2012 Nik Wallenda alipovuka maporomoko ya Niagara kwa dakika 25 hivi, kituo cha televisheni kilichorusha tukio hilo kilimlazimisha avae mkanda wa usalama, na wako walionung'unika kwamba mchezo umeharibika. Umeharibikaje? Mahali pale hapafungiki kamba za pembeni, maji yako chini, kwa hiyo waya ulitundikwa uzito wa kuning'inia ili usijisokote. Hilo ndilo lililostahili kuzungumzwa usiku kucha. Alipofika ng'ambo, maofisa wa Kanada walimwomba pasipoti, akaitoa mfukoni.

Ukoo wake unaujua waya kuliko wowote. Karl Wallenda, mzaliwa wa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1905, alivuka bonde la Tallulah huko Georgia mwaka 1970 akiwa na miaka 65, na njiani akasimama kwa kichwa mara mbili. Tarehe 22 Machi 1978, akiwa na miaka 73, alipanda waya baina ya majengo mawili ya hoteli mjini San Juan, Puerto Rico, mita 37 kutoka chini. Upepo ulikuwa mkali. Picha za filamu zinamwonyesha akichutama katikati, akijaribu kukaa juu ya waya, kisha akaanguka akafa. Familia yake ilisema baadaye kwamba upepo haukuwa sababu kubwa. Kamba kadhaa za kushikilia waya zilikuwa zimeunganishwa vibaya. Miguu iliyokwisha kupita kila mahali haikuwa na la kufanya juu ya waya uliofungwa hivyo.

Mwezi wa Juni 2011 Nik, kitukuu wa Karl, alirudi San Juan na mama yake, Delilah, wakavuka pale pale. Mama alianza upande mmoja na mwana upande wa pili. Walipokutana, mama alijishusha akakaa juu ya waya, naye mwanawe akampita kwa juu. Hatua hiyo si ndogo: mguu uinuliwe juu ya mtu aliyekaa, ushuke mbele yake mahali usipopaona, na wakati wote huo mwili mzima uko juu ya unyayo mmoja, waya ukitikisika kwa uzito wa watu wawili. Aliuweka mguu, akaupima kwanza, ndipo akahamisha uzito.