Heko kwa Wafumaji wa Project Linus

Mkesha wa Krismasi wa 1995, Karen Loucks wa Colorado, Marekani, alisoma habari za mtoto mwenye saratani ya damu aliyevumilia matibabu makali akiwa na blanketi lake. Akaamua kufuma mablanketi kwa ajili ya kituo cha watoto wenye saratani, Denver. Ikazaliwa Project Linus, jina la yule mtoto wa katuni za Charles Schulz asiyeachana na blanketi.

Heko kwa wanaojitolea! Wapo wanaofuma kwa uzi, wapo wanaounga vipande vya vitambaa. Kila blanketi ni jipya, linafulika, wala halina pini iliyosahauliwa ndani. Na mtoto halirudishi. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, maana hospitalini karibu kila kitu ni cha kuazima: kitanda, shuka, hata nguo aliyovaa.